Msusi Kwenye Mlango wa Leba

Jumanne, 4 Machi

Vichwa vitatu leo. Viwili mtindo wa twende kilioni, kimoja rasta za kufika kiunoni. Vidole vinauma. Mvua imepiga tangu asubuhi na turubai la kibanda limepasuka upande wa soko, kwa hiyo nilisuka ndoo ikiwa katikati ya miguu.

Wa mwisho alikuwa mama mwenye tumbo la kutimia. Hao huja kwangu siku zote. Wanataka kusukwa kabla ya kujifungua, maana ukishazaa nani ana muda na kichwa? Mistari mikubwa ya kurudi nyuma, haibani mtu akilala. Wakishainamisha shingo wanasema yote. Huyu alisema mtoto wake wa kwanza alimzaa peke yake, mama yake mzazi amezuiwa nje na chupa ya uji. Alipolia, nesi alimuuliza: "Ulipokuwa unaitafuta hiyo mimba, ulituita?"

Anasimulia huku anacheka. Nilivuta nywele mpaka akaguna. Nikamwomba samahani. Sikumwambia kwamba na mimi niliulizwa swali hilohilo, kwa maneno hayohayo, siku niliyomzaa Neema wangu. Kwani wanafundishwa darasani?

Nina hasira. Basi.

Jumatano ya Majivu, 5 Machi

Padri kasema kila mtu achague cha kufunga. Gaspari, mume wangu, kaacha bia. Tutaona. Mimi nimeacha hasira. Imedumu mpaka nilipofika kibandani nikakuta mtu kahamisha benchi langu.

Jioni nilienda kwa Mama Severina. Ni mkunga mstaafu, anakaa nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga anakofanya kazi Gaspari, na mvi zake nazisuka mimi. Anatafuta wanawake wa kukaa na wajawazito leba. Anasema siku hizi inaruhusiwa mama kuingia na mwenzake. Shida wengi hawana wa kuingia naye, na kwa walio naye, huyo hajui afanye nini. Mijini kuna wanaoifanya kama kazi kabisa. Wanaitwa doula.

Nilimwambia Gaspari. Alicheka mpaka akakohoa. "Dula? Unataka kuwa Abdallah?" Sasa ananiita Dula. Na Neema naye ameanza. Nimewaambia atakayerudia kesho atakula kiporo. Kwaresima njema.

Jumamosi, 8 Machi

Siku ya Wanawake. Sare za kitenge, spika, hotuba. Mwanamke ni nguzo ya familia, nguzo ya jamii, nguzo ya taifa. Waliopita mbele ya kibanda wote wamesukwa vizuri, nusu yao na mimi, siwezi kulalamika.

Lakini nyuma ya ukuta wa kituo cha afya, palepale karibu na spika, kuna mwanamke analia peke yake, na akizidi analazimishwa kunyamaza. Ndiyo maana wanatuita nguzo. Nguzo haishikwi mkono.

Jumatatu, 10 Machi

Somo la pili barazani kwa Mama Severina. Tulianza wanne. Waliposikia hakuna cheti wala posho, wawili wakakumbuka wana nguo za kufua. Nimebaki mimi na mwalimu wa chekechea.

Hatuzalishi. Hatupimi njia. Hatutoi dawa, hata majani, hata chai ya bibi yako. Tunasugua kiuno kwa kiganja. Tunampa maji kidogo kidogo. Tunamtembeza, tunapumua naye, tunamwambia kinachoendelea ili asishtuke. Nikauliza, sasa kazi yenyewe hasa ni ipi? Akasema kazi yenyewe ni kubaki.

Kubaki tu. Nilidhani ananitania. Akatukalisha mimi na mwalimu tutazamane bila kusema neno mpaka atuambie basi. Mwalimu alikaa kama maji mtungini. Mimi nilianza kusema habari ya turubai.

Mama Severina akasema mdomo wangu utakuja kunitoa nje. Niliudhika. Mzee mzima, badala ya kunitia moyo.

Alhamisi, 13 Machi

Nimetolewa nje.

Rehema, anayekaanga mihogo jirani na kibanda changu, alishikwa na uchungu asubuhi. Mama yake alikuwa hajafika kutoka Mkula, kwa hiyo niliingia mimi. Mama Severina alishaniombea kituoni. Walinivalisha gauni la kijani. Nilimsugua Rehema kiuno, nikapumua naye, akakamata pindo la kitenge changu nilichojifunga juu ya gauni na hakuliachia. Ilikuwa inaenda vizuri. Nilijiona nimezaliwa kwa kazi hii.

Ndipo akaingia Sista Joyce, nesi wa zamu. Rehema akapiga kelele moja. Moja! Na sista akalitoa lile swali. Neno kwa neno.

Siwezi kuandika yote niliyosema. Nilimwambia hana haya. Nilimuuliza kama yeye aliokotwa. Nilisema kwa sauti ambayo nadhani hata wauza samaki kule nje waliisikia. Mlinzi akaja kunishika kiwiko, na kitenge kikabaki mkononi mwa Rehema.

Amezaa wakati mimi niko kwenye benchi la nje nabishana na mlinzi.

Nilikuwa sahihi. Naandika tena: nilikuwa sahihi.

Ijumaa, 14 Machi

Nimeenda kumwona Rehema. Mtoto wa kiume, mzima. Mama yake keshafika, anamkanda kwa maji ya moto. Rehema alinirudishia kitenge, kimefuliwa na kukunjwa. Hakunilaumu. Alisema tu, "Nilikutafuta, dada. Nikajua labda umeenda kuniletea maji."

Bora angenizaba kibao.

Nikapita kwa Mama Severina nikamweleza yote, swali na matusi yangu. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza nani alibaki na Rehema.

Sista Joyce ndiye aliyebaki.

Nimemchukia Sista Joyce. Nimemchukia na Mama Severina kwa kuuliza. Nilikula wali na perege bila kuhisi ladha, na Gaspari hakuniita Dula.

Jumanne, 18 Machi

Leo nimepata kichwa kigumu na shingo laini. Anaitwa Kabula. Msukuma, bado binti kabisa, mimba ya kwanza. Wanaishi ndani huko, kupita kijiji cha Mbingu, na wamemleta Ifakara mapema kabla mvua haijakata njia. Wamepanga chumba mtaa wa nyuma ya soko. Mama yake mzazi yuko Maswa. Aliye naye ni mama mkwe, Mama Masanja, mrefu, mkavu, fimbo mkononi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuondoa macho kwenye vidole vyangu, utadhani nitaiba nywele.

Kabla hata sijachana, jirani yangu muuza vitumbua akaanza. Wasukuma wamejaza ng'ombe bondeni, Wasukuma hivi, Wasukuma vile, mbele ya masikio yao. Nilimwambia kichwa hiki kinalipiwa kama kichwa chake, na chake hajalipia. Akarudi kwenye vitumbua vyake.

Kabula ni mzungumzaji akizoea. Alinihadithia ng'ombe waliotolewa mahari yake. Alipokuwa kwao alichunga, na hao walipofika zizini kwa baba yake aliwachunga mwenyewe mpaka siku ya kuondoka. Anawajua mmoja mmoja. Mweusi mwenye nyota. Jike jekundu linalokataa kukamuliwa na mwanamume. Yule wa pembe iliyovunjika. Hapo Mama Masanja akacheka, mara ya kwanza, akasema wa pembe alikuwa wake yeye, na alimlilia alipotolewa. Nikaanza kumpenda.

Halafu akaharibu. Alisema, kama mtu anayesema jioni itanyesha, kwamba uchungu ukichelewa Kabula atataja. Nikauliza kutaja nini. Wanaume. Mtoto akikataa kutoka ni kwamba mama yake alitoka nje ya ndoa. Akimtaja mwanamume, njia inafunguka.

Shingo ya Kabula ilikauka chini ya vidole vyangu.

Na wala siwezi kusema ni mambo ya Wasukuma. Bibi yangu mimi, Mpogoro wa Mahenge, mkristo wa rozari, alikuwa anasema hayohayo. Mwanamke anapasuka kwa maumivu, na watu wazima wamemzunguka wanataka majina! Mwanamume hata siku moja hajaulizwa. Anakohoa miezi mitatu hakuna anayemwambia ataje.

Mama Masanja alipotoka kununua dagaa nilimwinamia Kabula sikioni. Nilimwambia nitakuwepo. Hakuna atakayekutajisha mtu, nitakuwa pembeni yako. Akanishika mkono wenye kitana. Nimeahidi.

Alipoondoka ndipo nikakumbuka kwamba kituoni nimepigwa marufuku.

Alhamisi, 20 Machi

Nimeenda kwa matroni. Kasema kwa adabu kubwa kwamba yule msusi mwenye mdomo asikanyage leba mpaka amwombe radhi Sista Joyce.

Mimi. Nimwombe radhi. Yeye.

Jumapili, 23 Machi

Sijaenda. Kanisani nilisali vibaya. Gaspari aliniuliza taratibu, wakati wa kurudi, namkomoa nani. 

Jumanne, 25 Machi

Nimeenda.

Nilimkuta Sista Joyce nyuma ya jengo anakula andazi amesimama, viatu amevua, miguu imevimba. Yuko zamu peke yake na vitanda vimejaa. Nilisema samahani kwa matusi niliyomtukana, neno lilitoka kama mwiba wa samaki kooni. Akatafuna kwanza. Akasema, "Mimi nikilia humu ndani, nani ananishika mkono?"

  Lakini samahani yangu haikuwa ya kila kitu, na nilimwambia, kwa sauti ya chini safari hii: lile swali, sista, usilirudie kwa mtu.  Alivaa viatu. Alipofika mlangoni akasema naweza kuja, ila kila mama ana nafasi ya mtu mmoja tu, na anayeamua ni ndugu.

Ndugu wa Kabula mjini hapa ni Mama Masanja.

Nilikwenda kwao moja kwa moja. Nilimwomba kwa heshima zote, karibu nipige magoti. Kakataa. Mjukuu wake anampokea mwenyewe. Amesafiri na tope lote lile si kwa ajili ya kukaa kwenye benchi. Nilitaka kumuuliza kama anakwenda kupokea mjukuu au kuendesha kesi. Nikaaga.

Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi. Nimemnyenyekea mtu niliyekuwa nimemkasirikia, na bado mlango umefungwa. Na anayo haki. Hilo ndilo linaloniua. Mama mkwe ana haki ya kukaa na mkwewe. Ningekuwa mimi ningekataa vilevile.

Jumatano, 2 Aprili

Mto Lumemo umejaa. Njia ya Mbingu inapitika kwa shida, Masanja, mume wa Kabula, hawezi kuja. Kabula anakuja kibandani kila siku na mama mkwe wake nyuma. Namkalisha kigoda, namsugua kiuno katikati ya wateja. Namfundisha kupumua. Mama Masanja anatazama. Leo alisema nasugua kama napaka ukuta, akanionyesha anavyosugua yeye. Kwa kweli anasugua vizuri kuliko mimi.

Hapo ndipo panaponiudhi. Angekuwa mbaya kabisa ningejua la kufanya naye.

Ijumaa, 11 Aprili

Tumbo limeshuka. Kabula hasemi ng'ombe tena. Aliniuliza, kwa sauti ya kunong'ona, kama mtu asipokuwa na wa kumtaja anafanyaje.

Jumatano, 16 Aprili

Naandika nikiwa nimekaa chini, kiti nakiona mbali.

Walienda kituoni asubuhi. Mteja alikuja kunipa habari. Niliacha kichwa cha mtu nusu, Mungu anisamehe, nikakimbia na mikono imejaa mafuta. Mama Masanja alishaingia. Mimi benchi la nje, chini ya madirisha ya leba. Mlinzi yuleyule. Akanitazama, nikamtazama. Nikakaa.

Asubuhi ikaisha. Mvua ikaja, ikapita. Kupitia vioo vya dirisha nilimsikia Kabula akipumua nilivyomfundisha. Halafu hapumui tena hivyo, analia. Halafu sauti ya Mama Masanja, Kisukuma, kisha Kiswahili ili kila mtu asikie. Taja. Unamwua mtoto kwa kiburi. Taja!

Nilisimama. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Nilikuwa na maneno ya kumvua nguo yule mzee mbele ya wodi nzima, na yote yalikuwa ya kweli.

Nikakumbuka kitenge kilichokunjwa. Nikafunga mdomo. Naapa ilikuwa kazi kubwa kuliko kubeba gunia la mpunga.

Mlango ukafunguliwa. Sista Joyce, amemshika Mama Masanja kiwiko, anamtoa kama nilivyotolewa mimi. Akasema hapa ni leba, si mahakama. Akanitazama. "Msusi, ingia. Mdomo uache hapo kwenye benchi."

Kabula alikuwa amejikunja, macho hayatulii. Alinikamata mkono. "Dada, nimtaje nani? Niambie jina lolote nimtaje yaishe."

Sista alimpima, akasema mtoto yuko salama, ni mimba ya kwanza, inachukua muda wake. Hakuuliza swali lolote jingine. Nililiona hilo.

Na nje Mama Masanja akaanza tena, dirishani. Taja. Kabula akafungua mdomo. Nilijua anataja, jina la maskini yeyote, kijana wa dukani, mchungaji mwenzake. Sikuwa na hekima yoyote, nilikuwa na hofu tu. Nilimwambia, taja ng'ombe. Wale wa mahari. Mmoja mmoja, uchungu ukija, mtaje.

Alinitazama kama nimechanganyikiwa. Uchungu ukaja. Akataja mweusi mwenye nyota. Ulipokuja mwingine akamtaja jike jekundu. Kisha akahamia Kisukuma na mimi sikuelewa tena, ila nilijua ni ng'ombe, maana uso wake ulikuwa wa mtu anayewapitisha mlango wa zizi. Alitaja kwa sauti kubwa. Alitaja kwa hasira, na kila jina alilirusha dirishani. Mimi nasugua kiuno alivyonionyesha Mama Masanja.

Nje kukawa kimya.

Halafu Kabula akakwama. Alimsahau mmoja. Alihangaika, akalia, akarudia nyuma. Na kutoka dirishani ikaja sauti ya Mama Masanja, ndogo, siyo ya kesi tena. Alimkumbusha. Wa pembe iliyovunjika.

Kabula akamtaja. Kisha wakaenda wote wawili, huyu ndani, yule nje, ng'ombe kwa ng'ombe, walipoisha wakarudia toka mwanzo. Sista Joyce alikuwa anavaa glavu na kutikisa kichwa. Nilimuuliza kwa macho kama tunakosea. Akasema waache, anasukuma vizuri.

Mtoto wa kike. Kalia mara moja kwa nguvu. Hakuna aliyemwambia anyamaze.

Jumapili ya Pasaka, 20 Aprili

Misa ndefu. Gaspari amemaliza mfungo wake wa bia kabla jua halijawa la mchana. Akaniuliza wangu wa hasira uliendaje. Nikamwambia ulivunjika kila siku.

Rehema alileta mihogo. Tulikula kuku, nikalala mchana kama mzungu.

Jumanne, 22 Aprili

Maji yamepungua, Masanja amekuja kuwachukua. Kesho wanarudi. Mwalimu wa chekechea amepita kuniambia kuna mama wa Uchindile amelazwa, hana mtu. Nitaenda jioni.

Mchana alikuja Mama Masanja peke yake. "Mwangaluka," nikamwamkia kwa Kisukuma, nimejifunza. Akasahihisha matamshi. Akaketi kwenye kigoda, akavua kitambaa, akaniomba nimsuke. Sikuwahi kumwona kichwa wazi. Mvi tupu, fupi, laini kama za mtoto.

Aliinamisha shingo. Nikasuka mistari miwili. Kisha akasema, akitazama chini, kwamba na yeye alitajishwa. Masanja alikuwa amekataa kutoka, na mama mkwe wake alisimama kichwani kwake. Hakuwa na wa kumtaja. Akataja jina la kwanza lililokuja, kijana wa jirani aliyekuwa akimtekea maji siku moja moja. Hakuwa amemgusa hata mkono. Masanja akazaliwa, wote wakasema mnaona. Kijana alipigwa, akafukuzwa kijijini, na mama yake akafa hajamwona tena.

Hajawahi kumwambia mtu. Alisema kama Kabula hakuhitaji kutaja, basi na yeye hakuhitaji.

Nilikuwa na mengi ya kusema. Kwamba alijua, na bado alisimama dirishani. Hasira yangu ilikuwa pale pale, haijaenda popote. Nilichukua mafuta nikampaka kwenye ngozi ya kichwa, mstari kwa mstari.

Alilitaja jina la yule kijana. Siliandiki humu.

Nywele zake ni chache, zingeisha mara moja. Nilisuka taratibu.